Mtego, vitoa-harufu au dawa ya pampu: uchague ipi dhidi ya nondo wa matunda?

Ukiingia duka la pembejeo na kusema viwavi wanatoboa machungwa yako, siku hizi kuna uwezekano mkubwa wa kuambiwa "weka feromoni", yaani harufu ya nondo jike iliyotengenezwa kiwandani. Ushauri huo haujakamilika. Nyuma ya neno hilo moja kuna njia nne tofauti, zenye bei tofauti na kazi tofauti, na mbili kati yake hazimfai kabisa mwenye ekari moja. Hapa nitazilinganisha zenyewe kwa zenyewe, kisha na njia ambazo hazitumii harufu. Mfano wangu ni nondo mmoja anayetusumbua Afrika Mashariki: yule ambaye maafisa ugani wanamwita FCM (kifupi cha jina la Kiingereza, false codling moth), na wanasayansi Thaumatotibia leucotreta.

Huyu ni mwenyeji wetu. Asili yake ni Afrika kusini mwa Sahara, na anakula karibu kila kitu: machungwa, machenza, mapera, komamanga, makadamia, pilipili hoho, pamba, mbono wa kando ya uzio, hata waridi. Jike hutaga mayai moja moja juu ya ganda la tunda. Kiwavi akianguliwa huingia ndani mapema sana, na akishaingia hakuna dawa ya kunyunyizia itakayomfuata. Akikomaa hutoka, hushuka ardhini na kujifunga kwenye udongo au chini ya majani makavu. Hana kipindi cha kulala kama nondo wa nchi za baridi. Kukiwa na joto na matunda, anaendelea mwaka mzima.

Soko nalo limezidi kuwa kali. Tangu mwaka 2018 Umoja wa Ulaya unataka uthibitisho maalumu kwamba pilipili hoho, machungwa, komamanga na pichi kutoka Afrika hazina mdudu huyu, na mwaka 2025 waridi zikaongezwa. Malimau na ndimu hazimo, kwa sababu nondo huyu hastawi humo. Anayeuza soko la mjini haguswi na kanuni hizo, ila machungwa yanayodondoka chini mwezi mmoja kabla ya mavuno anayahesabu kwa uchungu uleule.

Kwanza pasua tunda

Kabla hujanunua chochote, hakikisha adui ni nondo. Wakulima wengi wana nzi wa matunda, wananunua chambo cha nondo, kisha wanalaumu feromoni. Wengine hufanya kinyume chake.

Chukua matunda kumi yaliyoanguka, uyapasue. Buu wa nzi ni mweupe au njano hafifu, hana kichwa unachoweza kukiona wala miguu, amechongoka upande mmoja, na mara nyingi utawakuta wengi katika tunda moja. Akikomaa hujikunja na kuruka. Kiwavi wa nondo ana kichwa cha kahawia na miguu, mwili wake hugeuka rangi ya waridi akikaribia kukomaa, hufikia milimita 15 hivi, na katika chungwa kwa kawaida utamkuta mmoja tu. Kwenye tundu alikoingilia kuna kinyesi cha chembechembe.

Kwenye parachichi uwe mwangalifu zaidi. Ule unga mweupe unaoganda juu ya ganda hauthibitishi kitu, kwa kuwa jeraha lolote la parachichi hutoa utomvu unaokauka na kuwa mweupe, liwe la nondo, la nzi au la kukwaruzwa na tawi. Pasua.

Ukikuta ni nzi, makala hii si yako. Bactrocera dorsalis, nzi aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003 akasambaa haraka barani, anavutwa na kemikali iitwayo methili yujenoli, na hiyo si feromoni ya nondo. Mtego wake hautakamata nondo hata mmoja. Vilevile, ukiagiza chambo kwa mtandao angalia jina la kisayansi kwenye pakiti. Kuna nondo wa matufaha, Cydia pomonella, ambaye jina lake la Kiingereza linakaribiana sana na la huyu wetu, na chambo chake ndicho kinachopatikana kwa wingi duniani. Kwenye michungwa ya Muheza au Makueni hakina kazi.

Harufu yenyewe

Nondo jike aliye tayari kupandwa hutoa harufu kidogo mno, na dume huifuata kwa kuruka kuelekea upepo unakotoka. Mjerumani Adolf Butenandt na wenzake walitangaza mwaka 1959 kwamba wameitambua harufu ya nondo wa hariri, baada ya kukusanya tezi za majike wapatao nusu milioni ili kupata kiasi cha kupimika. Ya nondo wa matufaha ilijulikana mwaka 1971. Leo zinatengenezwa kiwandani, na ya FCM ni mchanganyiko wa kemikali chache ziitwazo asetati.

Mambo mawili kuhusu harufu hii ndiyo yanayoamua ulinganisho wote. La kwanza, inawaita madume peke yao. Jike anayetaga hajali mtego wako. La pili, haiui. Kila njia hapa chini ni jibu la swali moja: ukishajua mahali dume anapokwenda, utafanya nini na elimu hiyo?

Mtego wa kufuatilia

Hii ndiyo njia rahisi kuliko zote, na kwa maoni yangu ndiyo inayodharauliwa kuliko zote. Ni kibanda kidogo cha plastiki au karatasi ngumu chenye umbo la pembetatu, sakafu yake ina gundi, na ndani yake kuna kipande cha mpira kilicholoweshwa harufu. Unatundika mmoja au michache, unahesabu madume kila wiki, unaandika.

Kazi yake ni kukuambia lini. Ndiyo hiyo tu, lakini ina thamani kubwa. Kiwavi anaweza kuuawa katika muda mfupi ule kati ya kuanguliwa na kuingia ndani ya tunda. Ukipuliza kwa kalenda, "kila baada ya wiki mbili", sehemu kubwa ya dawa inaangukia siku ambazo hakuna kiwavi nje. Mtego ukionyesha madume wameanza kuongezeka, unajua mayai yanafuata, unaanza kukagua matunda kwa karibu na kuandaa pampu. Wiki ambazo mtego uko karibu mtupu unaokoa fedha.

Namna ya kuutundika ina maana kuliko wengi wanavyodhani. Uwe sehemu ya juu ya mti, upande ambao upepo unatokea, na uwe ndani ya shamba mistari kadhaa kutoka ukingoni. Ukiutundika kwenye mti wa mpakani unapima nondo wa jirani. Badilisha chambo kwa wakati ulioandikwa kwenye pakiti. Baadhi hudumu wiki chache, vingine miezi kadhaa. Cha zamani usikitupe shambani, kwani bado kinanuka na kitavuta madume kichakani. Vya akiba viweke kwenye friji ndani ya pakiti yake. Na kama unashughulika na chambo cha wadudu wawili tofauti, badilisha glavu kati ya kimoja na kingine.

Mtego haukuambii una nondo wangapi kwa hekta, wala hasara itakuwa kiasi gani. Watu wa Afrika Kusini wana viwango vyao vya "ukifika idadi hii, puliza", lakini vilitokana na machungwa yao, aina zao na baridi yao. Kuvichukua kama vilivyo na kuvipachika Murang'a au Rungwe ni kujidanganya. Weka daftari, linganisha namba za kila wiki na matunda uliyopasua wiki zilizofuata, na baada ya misimu miwili utakuwa na kiwango cha shamba lako mwenyewe.

Mitego mingi ili kuwamaliza

Hapa nitakuwa mkali. Wazo linavutia: kama mtego mmoja unakamata madume ishirini, mitego hamsini itawamaliza. Haiendi hivyo. Dume mmoja huweza kupanda majike kadhaa, kwa hiyo ukiondoa nusu ya madume, waliobaki wanatosha kuwafikia majike wote. Ili mayai yapungue kwa kiasi cha kuonekana sokoni lazima uondoe karibu madume wote, na uwaondoe kabla hawajapanda mara ya kwanza. Mitego yako nayo inashindana na majike halisi: nondo wakiwa wengi, ndipo mitego inashindwa zaidi, yaani wakati uleule unapoihitaji.

Muuzaji atakuonyesha sakafu ya gundi iliyojaa nondo. Ni picha nzuri, ila haisemi ni majike wangapi walikwisha kutaga. Kinachowachanganya watu ni kwamba kwa nzi wa matunda njia inayofanana na hii imesaidia, kwa sababu methili yujenoli huwavuta madume wa nzi kwa nguvu isiyo ya kawaida. Nondo hawako hivyo. Ndani ya banda la wavu lililofungwa vizuri, ambako nondo wapya hawaingii, mitego mingi inaweza kusaidia. Kwenye shamba la wazi, fedha hiyo ikaajiri kibarua wa kuokota matunda.

Kuvuruga kupandana

Hii ndiyo njia iliyoipa feromoni sifa yake duniani. Badala ya kuvuta dume kwenye gundi, unaijaza hewa ya shamba zima harufu ya jike. Unatundika vitoa-harufu, yaani vijirija au vikanda vya plastiki vinavyoachia harufu polepole kwa miezi, kwa mamia hadi karibu elfu moja kwa hekta kulingana na aina. Dume anafuata njia za uongo kutoka kijirija kimoja hadi kingine, au pua yake inachoka, na jike anabaki akisubiri. Asiyepandwa hatagi mayai ya kuangua.

Kuna namna ya pili: vidonge vidogo mno vya harufu vinavyochanganywa na maji na kupulizwa kwa pampu. Ni rahisi kwa nguvukazi, kwa sababu hakuna kupanda miti kutundika vijirija. Ila vinaisha haraka, lazima urudie mara kadhaa kwa msimu, na mvua ya masika haivipendi. Kwa mwenye trekta la kupulizia hilo si tatizo. Kwa mwenye pampu ya mgongoni ni siku za kazi ambazo angezitumia kwingine.

Marekani ilianza kuuza harufu ya namna hii kwa ajili ya pamba mwaka 1978, na vitoa-harufu vya nondo wa matufaha vikaidhinishwa huko mwaka 1991. Somo kubwa lilikuja miaka ya katikati ya 1990 katika majimbo ya magharibi, ambapo mradi wa serikali na vyuo uliwaunganisha wakulima majirani watundike kwa pamoja. Howard Flat, karibu na Chelan jimboni Washington, mashamba yaliyopakana yenye zaidi ya hekta 400 yalishughulikiwa kama shamba moja. Dawa zilipungua sana, na mafanikio hayo yakawashawishi wengine. Huko Kaskazini mwa Italia, kwenye mabonde ya matufaha ya Tirol Kusini, vitoa-harufu vimekuwa kazi ya kawaida ya msimu.

Kwa nini ukubwa ni muhimu kiasi hicho? Kwa sababu jike aliyepandwa nje ya shamba lako akiingia kwa mbawa zake, harufu yote uliyotundika haimhusu. Yeye amekuja kutaga. Shamba likiwa kubwa na la umbo pana, hao wanaishia pembezoni. Shamba likiwa ekari moja, kila mti ni wa pembezoni. Kwa nondo wa matufaha, ushauri wa Marekani ni kuanzia ekari kumi hivi, sawa na hekta 4, na afadhali zaidi. Huyu wetu anakula vitu vingi kuliko yule: mpera wa jirani, mbono wa barabarani na bustani ya pilipili hoho ng'ambo ya uzio vyote ni vyumba vya kuzalia majike wa kukuvamia.

Hapo bado hatujagusa mambo ya kwetu ambayo maelezo ya pakiti hayasemi sana.

Joto ni la kwanza. Kitoa-harufu huachia harufu kwa kasi zaidi kadiri joto linavyopanda. Kama pakiti inasema miezi mitano au sita na imejaribiwa mahali penye ubaridi, usitarajie miezi hiyohiyo Tanga au Kilifi. Nyanda za juu, Njombe au Nyeri, hali ni nafuu.

Mwinuko ni wa pili. Harufu hizi ni nzito kuliko hewa na hushuka bondeni. Kwenye miteremko ya Murang'a au ya Rungwe, safu za juu hubaki na harufu nyepesi na safu za chini hupata ziada. Wanaotumia njia hii vizuri huongeza vitoa-harufu upande wa juu na kwenye kingo zinazopigwa na upepo. Kilima kilicho wazi kwa upepo mwingi ni mahali pabaya pa kuanzia.

Halafu urefu wa miti. Nondo hupandana juu. Michungwa ya zamani na miparachichi ya Fuerte iliyoachwa ikarefuka hovyo haitalindwa na vijirija vilivyotundikwa usawa wa kichwa, na kijana wa kupanda hadi juu kwa kila mti naye ana bei yake. Shamba changa la parachichi za Hass lililokatwa vizuri ni jambo jingine kabisa.

Na hakuna msimu wa baridi wa kuanzia. Mmarekani hutundika mwanzoni mwa majira ya kuchipua, kabla nondo wa kwanza hajatoka. Sisi nondo yupo daima. Kwa hiyo unahesabu kutoka kwenye tunda: vitoa-harufu viwe juu kabla tunda halijafikia ukubwa wa kushambuliwa, na vidumu mpaka uvune. Shamba lenye matunda ya rika mbalimbali mwaka mzima litahitaji kutundikiwa tena na tena, na hapo hesabu ya fedha mara nyingi hukataa.

Mwisho, nondo wakiwa wengi mno madume na majike hukutana kwa bahati tu, bila kuhitaji kufuata harufu. Njia hii hutunza shamba lililo na nondo wachache. Haiokoi shamba lililokwisha kuvamiwa.

Tahadhari moja ambayo imewaponza wengi: ukishatundika vitoa-harufu, mitego yako ya kufuatilia itanyamaza. Madume hawaioni. Sifuri kwenye mtego haina maana kwamba hakuna nondo. Katika matufaha wana chambo cha nguvu zaidi, kingine chenye harufu ya tunda inayovuta hata majike. Kwa FCM kipimo cha kutegemea ni kupasua matunda kila wiki, kwa uaminifu, hasa miti ya pembeni.

Vutia-uue

Hii inakaa katikati. Tone la jeli lenye feromoni na sumu kidogo, kwa kawaida permethrini, linapakwa kwenye shina au tawi. Dume anakuja, anagusa, anakufa. Sumu haigusi tunda, na kiasi chake kwa hekta ni kidogo sana ukilinganisha na kupuliza.

Kasoro ya mitego mingi njia hii inayo pia: inaondoa madume tu, na jike aliyepandwa nje anaingia bila shida. Nafuu yake ni kwamba tone ni bei rahisi kuliko mtego, haliwezi kujaa, na unaweza kuweka mengi. Shamba la ekari kadhaa lenye nondo wachache, ambalo halijafikia ukubwa wa kuvuruga kupandana, linaweza kufaidika. Kwa mwenye cheti cha kilimo hai hapa pana ugumu, kwa sababu permethrini hairuhusiwi.

Nikiziweka njia hizi nne pamoja:

| Njia | Inafanya nini | Shamba linalofaa | Udhaifu mkubwa |
|---|---|---|---|
| Mtego wa kufuatilia | Inakuambia lini | Lolote, hata nusu ekari | Haipunguzi nondo |
| Mitego mingi | Inaondoa baadhi ya madume | Banda la wavu lililofungwa | Madume waliobaki wanatosha |
| Kuvuruga kupandana | Inazuia majike wasipandwe | Hekta 4 na zaidi, au majirani pamoja | Majike wanaotoka nje. Gharama ya mwanzo |
| Vutia-uue | Inaua madume | Ekari kadhaa, nondo wachache | Majike wanaotoka nje. Si ya kilimo hai |

Ukizilinganisha na zisizo za harufu

Dawa ya pampu bado ndiyo ya kwanza kufikiriwa, na sisemi iachwe moja kwa moja. Inapatikana kila kijiji, unanunua kiasi ulichonacho mfukoni, na haijali ukubwa wa shamba. Tatizo lake nimekwisha ligusa: muda wa kumkuta kiwavi nje ni mfupi. La pili ni usugu. Huko Citrusdal, bonde la machungwa la Western Cape nchini Afrika Kusini, watafiti waliripoti mwaka 1998 kwamba FCM amezoea triflumuroni, dawa iliyotegemewa sana. La tatu ni kwamba dawa kali inaua pia nyigu wadogo wanaotaga ndani ya mayai ya nondo, na kwenye mparachichi uliochanua inaua nyuki unaowategemea kwa mavuno yenyewe.

Kirusi cha nondo huyu, kinachouzwa kama dawa ya kibiolojia, ni mbadala mzuri wa dawa kali. Kinamwua kiwavi wa FCM, hakimdhuru nyuki wala mlaji, na hakiachi mabaki ya kukataliwa sokoni. Lazima kiwavi akile kabla hajaingia ndani, na jua linakiharibu, kwa hiyo kipulizwe jioni na kwa wakati unaofaa. Nani atakuambia wakati huo? Mtego wa kufuatilia. Hawa wawili wanakwenda pamoja, na kwa mkulima mdogo anayetaka kuuza nje sioni mchanganyiko bora.

Kuna pia nondo tasa. Tangu mwaka 2007 huko huko Citrusdal wanafuga FCM kiwandani, wanawafanya tasa kwa mionzi, kisha wanawaachia kwenye mashamba kwa mamilioni ili wapandane na wale wa porini bure. Inafanya kazi. Inahitaji kiwanda, bonde zima la mashamba yaliyoungana, na wakulima wenye chama imara cha kulipia, kwa hiyo mkulima mmoja mmoja hana la kuchagua hapo.

Usafi wa shamba hauna muuzaji, na ndiyo maana hauna anayeupigia debe. Tunda lililoanguka lina kiwavi ambaye siku chache zijazo ataingia ardhini na kurudi akiwa nondo. Okota yote kila wiki, pamoja na yale yaliyoiva kabla ya wakati mtini na yale yaliyosahaulika juu baada ya mavuno. Usiyarundike kando ya shamba; huko umehamisha tu mahali pa kuzalia. Yatie kwenye mifuko myeusi ya plastiki, uifunge, uiache juani mpaka yapikike, au uyafukie kwa kina cha kutosha nondo asiweze kutoka juu. Hakuna kitoa-harufu kitakachofaa kitu juu ya shamba lenye zulia la machungwa yaliyooza chini.

Sasa wewe uko wapi?

Una nusu ekari hadi ekari mbili, umezungukwa na mashamba ya wengine, unauza sokoni au kwa dalali. Nunua mtego mmoja wa kufuatilia, chambo cha msimu, na mifuko myeusi. Okota kila wiki. Ng'oa mbono, na mpera usiouhudumia uukate. Puliza pale tu mtego na matunda uliyopasua vikikubaliana, na ukiweza kupata kirusi tumia hicho. Usinunue vitoa-harufu hata ukipewa bei ya ofa.

Una ekari tano hadi kumi peke yako. Hapa ndipo uamuzi ni mgumu kweli. Kama shamba ni pana, karibu mraba, miti mifupi, na upande mmoja au miwili unapakana na msitu wa mikaratusi au mashamba ya chai, jaribu kuvuruga kupandana kwa msimu mmoja, ukiongeza vitoa-harufu kwenye kingo. Kama ni ukanda mwembamba kati ya bustani za pilipili hoho, afadhali vutia-uue pamoja na usafi.

Una shamba kubwa la kusafirisha nje. Kuvuruga kupandana ndiyo iwe msingi, kirusi kikisaidia pale matunda yaliyopasuliwa yanapoonyesha dalili. Kumbuka tu kwamba mkaguzi haangalii daftari la mitego pekee. Kiwavi mmoja ndani ya boksi anaweza kukwamisha shehena nzima, kwa hiyo uchambuzi wa matunda kwenye banda la kufungashia usipunguzwe kwa sababu "tuna feromoni".

Na kama ninyi ni wakulima thelathini wenye ekari moja moja zilizopakana kwenye kilima kimoja, mna kitu ambacho mwenye ekari saba peke yake hana. Kwa hewa na kwa nondo, hilo ni shamba moja la ekari thelathini. Chama cha ushirika au kikundi kinachouza kwa mnunuzi mmoja kinaweza kuagiza kwa pamoja, kutundika wiki moja, na kukatana fedha kwenye mauzo. Kikwazo ni yule jirani wa katikati anayekataa kuchangia na haokoti matunda yake. Zungumzeni naye kabla ya kuagiza, maana ekari yake moja isiyotunzwa itatema majike kwa wote wanaomzunguka. Ikibidi mtundikieni bure. Inagharimu kidogo kuliko kumwacha.

Kabla ya kulipa, uliza kama bidhaa imesajiliwa kwa mdudu huyu na kwa zao lako: Kenya msajili ni PCPB, bodi ya kudhibiti viuatilifu, na Tanzania ni TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu iliyoko Arusha. Soma tarehe ya kutengenezwa, na uulize ilihifadhiwa wapi. Chambo kilichokaa miezi kwenye rafu chini ya bati la dukani, mchana wa Februari, kimekwisha kutoa sehemu ya harufu yake humo humo dukani.